Unga kwa Mwenye Kisima

Dirisha la tatu kutoka mlangoni lilikuwa langu. Hakuna aliyenipa, nililinyakua siku ya kwanza, na msichana aliyejaribu kunitoa hapo alikiona cha mtema kuni. Kupitia dirisha hilo nilivitazama vilima vya mawe vya Masasi, na saa za joto, baada ya chakula cha mchana, vilima vile vilikuwa vikiachana na ardhi. Nasema nilichokiona. Hewa ilitetemeka chini yake, mawe yakainuka kidogo, yakakaa hewani, na mimi na kope zangu nzito nikakaa huko pamoja nayo mpaka mwalimu aniite nishuke.

Ilikuwa miaka ya mwishomwisho ya Mwingereza, ingawa sisi hatukujua kwamba ni ya mwisho. Shule ilikuwa ya misheni, ya bweni, wasichana watupu, upande wa Chiwata. Wengi walikuwa watoto wa walimu na mashemasi wa Masasi, waliozaliwa wakiisikia kengele ya kanisa. Sisi tuliotoka juu, Newala, tulihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na tulikuwa na jina letu: watu wa kiu. Mtu wa Newala huoga kwa kikombe, walisema. Ni kweli, nilikuwa naoga kwa kikombe. Na kilichobaki kikombeni nilikirudisha kwenye ndoo, nao wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mwalimu wa historia alikuwa mwanamke wa hapo hapo, Mmakua, binti wa shemasi, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha kunyamaza ili uisikie. Sijui leo kama alikuwa kijana au mtu mzima. Katika kumbukumbu yangu hana umri. Ana chaki, ana gauni la kijivu, na ana mkono unaochora haraka. Siku moja ya joto alitugeuzia mgongo akachora kilima ubaoni. Juu ya kilima akachora nyumba ya mawe yenye ukuta mnene. Kuzunguka ukuta akachora handaki, na ndani ya handaki akapitisha mistari ya mawimbi.

"Hapa juu anakaa bwana," alisema. "Hapa chini wanakaa wakulima. Hapa ni maji."

Nilinyoosha mkono kabla sijajijua. "Mwalimu, maji hayo anachota nani?"

"Hachoti mtu. Yamewekwa kumzuia adui."

Darasa zima liliangua kicheko, maana walijua swali lile limetoka juu. Mimi sikucheka. Maji yamezunguka nyumba pande zote, usiku na mchana, na hakuna mtu anayeteremsha mtungi. Nilikwenda nayo bwenini. Nililala nayo. Kwa wiki nyingi nilikuwa nikifumba macho naona kilima kimojawapo cha Masasi kimezungukwa na maji meusi yaliyotulia, na mimi nimekaa ukingoni, miguu imeingia mpaka magotini, na hakuna anayenikemea kwamba nayachafua.

Siku hizi vitabu vinaiita hali ile ukabaila. Mwalimu hakutupa neno hilo. Alitupa kisa, kidogo kidogo, kama mtu anayelisha mgonjwa. Alisema ilikuwapo dola kubwa huko Ulaya, ikachakaa. Mkono wa mfalme ukawa mfupi. Wavamizi wakaja kwa mashua, wakipanda mito, wakichoma vijiji na kuchukua watu. Njia zikaota majani. Soko likafa, na soko likishakufa sarafu ni kipande cha chuma tu. Basi kila mtu akaanza kumtafuta aliye karibu mwenye ukuta na farasi. Mkulima mwenye shamba lake, la baba yake na babu yake, akatoka nyumbani kwake asubuhi, akaenda kwa mwenye ukuta, akapiga magoti. Akaunganisha viganja vyake, akaviweka ndani ya viganja vya bwana. Akasema, mimi ni wako na shamba langu ni lako. Bwana akasema, basi kalilime, nami nitakulinda. Akarudi nyumbani kwenye shamba lile lile, lakini sasa amekuwa mgeni ndani yake.

Mwalimu alitupa zoezi. Swali aliliandika ubaoni: Kwa nini mtu huru alitoa shamba lake kwa hiari, akawa mtu wa mtu?

Niliandika kurasa mbili, na wino ulinipaka hadi kwenye kiwiko. Niliandika kwamba alifanya hivyo kwa kuwa alikuwa mjinga na mwoga. Niliandika kwamba mtu mwenye akili angekataa, angesimama mlangoni kwake na panga, na kwamba wajukuu wake wangeimba habari zake. Nilikuwa na hasira na mkulima yule kana kwamba aliniibia kitu. Mwalimu alinirudishia daftari na alama nzuri, na chini yake, kwa wino mwekundu, maneno machache: Kiswahili safi. Je, wewe umewahi kuogopa?

Nilinuna siku mbili.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana bila hili mengine hayaeleweki. Kwetu juu, ardhi ni mchanga mwekundu unaokunywa mvua yote na kukuacha mikono mitupu. Hakuna kijito, hakuna bwawa. Maji yalikuwa chini, kwenye chemchemi za mwisho wa mteremko, upande wa Ruvuma, na wanawake waliyafuata huko. Waliondoka jogoo wa kwanza na kurudi jua limeshakuwa kali. Nilianza kushuka nikiwa na kibuyu, nikapanda cheo nikapewa mtungi. Kabla ya kushuka tulikuwa tunasimama ukingoni kupumua, na mara nyingi bonde lote lilikuwa limejaa ukungu, jeupe mpaka kingo, limetulia kabisa. Wanawake walirekebisha ngata vichwani, wakapiga soga. Mimi nilikuwa nautazama ule ukungu nikiwaza kwamba ndiyo maji yenyewe, mengi kiasi kile, yameletwa mpaka miguuni petu, ila tu hatujajua namna ya kuyachota. Kisha tulishuka, tukaingia ndani yake, na ukawa si chochote, unyevu kidogo tu kwenye nyusi.

Mama yangu alifariki nikiwa sijui hata kufunga kanga. Kaka yake, mjomba wangu, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye kauli juu yangu, alikwenda kukata mkonge, na habari zake zilikuja mwaka hadi mwaka, halafu hazikuja. Tukabaki wawili, mimi na Bibi mzaa mama. Yeye alikuwa kichwa, mimi miguu. Magoti yake yalikuwa yamevimba siku nyingi. Aliweza kulima akiwa amekaa, aliweza kutwanga akiegemea nguzo, lakini mteremko hakuuweza tena. Kila tone tulilokunywa lilipanda juu ya kichwa changu.

Ndipo ikaja habari kwamba nimepata nafasi ya shule ya bweni. Nilimwuliza Bibi swali moja.

"Nani atakushukia maji?"

"Maji yapo."

"Yapo wapi?"

"Nimesema yapo. Wewe kafue gauni lako."

Sikuuliza tena. Nimejiuliza sana tangu hapo kwa nini sikuuliza tena, mimi ambaye mdomo wangu haukujua kulala. Jibu ninalo na halinipendezi: nilitaka kwenda. Ningeuliza mara ya pili angenijibu, na jibu lingenizuia. Kwa hiyo nilifua gauni.

Nilirudi kwa likizo ya mwisho wa mwaka wangu wa pili. Likizo zilizotangulia nilikuwa nabaki shuleni kulima bustani za misheni, kwa kuwa usafiri ulikuwa wa bahati. Safari hii lori lililoshusha magunia ya korosho lilikuwa linapanda Newala tupu, na dereva alituruhusu kukaa nyuma. Mvua zilikuwa zimechelewa. Vumbi lilitupaka rangi moja sote, tukalala, tukaamka, tukalala tena, na kila nilipofumbua macho mlima ulikuwa umesogea mahali pengine. Nilifika nyumbani alasiri, sanduku kichwani, nikiwa bado nusu ndotoni.

Bibi alikuwa uani, amenyoosha miguu juu ya mkeka, anamenya njugu mawe. Ndonya yake, kile kipande cha mti kilichochomekwa mdomo wa juu, ilitikisika aliponiona, ndivyo alivyocheka.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mrefu hivi? Utatoboa paa."

Alinionyesha mtungi. Nilifunua kifuniko nikapigwa na butwaa: umejaa. Mwezi kama ule, mvua hazijaanza, mtungi wa mwanamke asiyeweza kushuka mteremko umejaa mpaka shingoni. Nilichota, nikanywa. Maji ya bondeni yana ladha ya majani na udongo, ukiyanywa unajua yametoka wapi. Haya yalikuwa na ladha ya bati.

Palikuwa na paa moja tu la bati mtaani kwetu. Mwenye nalo alikuwa askari aliyerudi kutoka vita vya Burma na koti refu na kikohozi. Wenzake waliokwenda naye walirudi wakanywa walichopata, wakaoa, wakanywa tena. Yeye alinunua mabati na saruji. Alijenga nyumba pana, akaweka mifereji ya kukinga mvua chini ya paa, akachimba kisima kikubwa uani na kukisakafia ndani kwa saruji, na juu akaweka kifuniko cha mbao na kufuli. Ufunguo ulikaa shingoni mwake. Sote mvua ikiisha vyungu vyetu vilikauka. Kisima chake kilifika mpaka mvua nyingine. Nitakuwa mwongo nikisema alikuwa mtu mbaya. Hakuuza maji, alisema maji ya Mungu hayauzwi. Aliwapa watu wake. Na kila kiangazi watu wake walizidi. Walimlimia, walimwokotea korosho, walimzungushia ua, na kesi ikienda barazani walisimama nyuma yake. Wakati naondoka kwenda shule sisi hatukuwa watu wake.

"Nani amekuletea maji, Bibi?"

"Kunywa."

"Na korosho zetu ziko wapi?" Maana chini ya mikorosho mitano, ile aliyoipanda mama yangu, palikuwa pamefagiwa vizuri, mabibo yamelundikwa pembeni, na ndani ya nyumba hapakuwa na korosho hata kiganja kimoja.

"Zimekwenda," alisema Bibi. "Kaa chini, mama. Nionyeshe walichokufundisha huko."

Ningetaka kusema kwamba nilijua. Nadhani sehemu yangu moja ilijua tangu ile kata ya kwanza ya maji, lakini sehemu nyingine ilikuwa na daftari na ilitaka kusifiwa. Jioni ile, jua likiwa jekundu nyuma ya ua, nilimsomea insha yangu. Niliisoma kwa mbwembwe, nikamwigiza mkulima akipiga magoti, nikamwigiza bwana na tumbo lake. Bibi alisikiliza huku akimenya njugu. Nilipofika penye "mjinga na mwoga" mikono yake ilisimama. Kisha ikaendelea.

"Huyo mtu wa Ulaya," alisema nilipomaliza, "alikuwa na mke?"

"Kitabu hakisemi, Bibi."

"Alikuwa na watoto?"

"Hakisemi."

"Kitabu chenu kina maneno machache." Alipuliza maganda kutoka kwenye ungo. "Kesho utanisindikiza mahali. Utanibebea unga."

Asubuhi ukungu ulikuwa umepanda mpaka mtaani. Tulitembea pole pole, mkono wake begani kwangu, mimi nimeshika bakuli la unga wa mtama, na nyumba zilijitokeza moja moja na kupotea nyuma yetu. Tulipofika uani kwa mwenye kisima nilikuta watu wamekwisha kukaa, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na unga wake. Hata kuku walikuwa kimya, au mimi ndiye niliyekuwa sisikii.

Kwetu, mtu akitaka kukaa chini ya mwingine hakupeleka maneno. Alipeleka unga. Ni desturi ya kale sana, ya wakati ambapo koo zilikuwa zinapanda nyanda hizi moja baada ya nyingine na kuwakuta waliotangulia. Unapiga magoti, unashika unga kwa viganja viwili. Yule unayemwendea anaweka viganja vyake nje ya vyako, anavifumbata, anakuuliza, nawe unajibu. Basi. Na kila mwaka, kabla ya mvua kuanza, unarudia, ili isije ikasemwa kwamba umesahau. Mimi nilikuwa nimeisikia tu, kama mtu anavyosikia habari za mababu. Sikujua kwamba mwenye kisima alikuwa ameifufua.

Zamu ya Bibi ilifika. Mwenye kisima alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja cha jeshi, koti mabegani, ufunguo kifuani. Bibi aliliacha bega langu. Alishusha goti la kulia kwanza, akangoja maumivu yapite, akashusha la kushoto. Magoti yale yaliyoshindwa kumpeleka bondeni yalishuka mbele ya macho yangu mpaka kwenye mchanga. Aliunganisha viganja, nami nikamimina unga ndani yake, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoletewa. Mikono mikubwa ya yule askari ikaizunguka mikono yake.

"Wewe wa nani?"

"Wako."

"Na shamba?"

"Lako."

"Basi kaa ulime, mama. Maji yapo."

Maji yapo. Nilihisi ardhi inaniacha kama vilivyokuwa vinaachwa vilima vya Masasi saa za joto. Picha ya ubaoni ilikuwa imeshuka kwetu, yote, viganja ndani ya viganja, ila hapakuwa na farasi, na aliyepiga magoti alikuwa amevaa kanga niliyoijua harufu yake. Nikapiga kelele.

"Bibi, inuka! Inuka hapo!"

Watu waliniangalia kama unavyomwangalia mtoto anayelia kanisani. Mwenye kisima hakukasirika. Nadhani ningefarijika angekasirika.

"Huyu ndiye yule wa sanduku?" alimwuliza Bibi.

"Ndiye," alisema Bibi, bado yuko chini, na sauti yake ilikuwa na majivuno ambayo sijapata kuyasikia tena. "Anasoma historia."

"Asubuhi ile ulipoondoka na sanduku lako," yule mtu aliniambia, "hata vumbi la gari halijatulia, bibi yako alikuwa hapa. Mtungi mmoja kila siku mpaka umalize shule. Nilimwambia alete unga tu, shamba liachwe. Akasema hapana, cha bure hukatika siku yoyote. Kwa hiyo nililichukua." Kisha akakohoa, akamwita aliyefuata.

Tulipotoka hapo hatukufika mbali. Bibi aliomba kupumzika, akakaa juu ya gogo kando ya njia. Ukungu ulikuwa unapungua, na upande wa bonde palianza kuonekana vilele vya miti. Mimi nilisimama. Nilikuwa nalia kwa hasira, na sikujua hasira ni ya nani.

"Mjinga na mwoga," alisema Bibi taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. "Mjinga sijui. Mwoga ni kweli."

Ndipo aliponieleza habari ambazo hakuwa amenieleza kabla. Alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni zama za kukamatana. Watu walitoka magharibi na mikuki, wengine walitoka pwani na bunduki, na mwanamke akienda kuchota maji mtoni hakuwa na hakika ya kurudi. Mama yake alipanda naye huku juu, penye vichaka vizito na pasipo na tone la maji, kwa sababu wale wakamataji waliogopa kiu kuliko walivyoogopa mishale. Njiani walikutana na watu mara tatu. Mara zote tatu waliulizwa swali moja: wewe wa nani? Aliyekuwa na jibu aliachwa apite, kwa kuwa nyuma ya jibu kuna mtu atakayemtafuta. Aliyenyamaza alifungwa kamba. Mara ya tatu mama yake alitaja jina la mzee mmoja wa huku juu ambaye hakuwahi hata kumwona. Waliachwa. Siku hiyo hiyo alimtafuta huyo mzee, akampigia magoti, akampa unga wote aliokuwa nao. Walilala njaa, lakini wakiwa wa mtu.

"Mtu asiye wa mtu," alisema Bibi, "alikuwa wa kila mtu. Kitabu chenu hakikuandika hilo?"

Kilikuwa kimeandika, ila mimi sikusoma hivyo. Mwalimu alisema wavamizi, mito, vijiji vilivyochomwa, na mimi nilikuwa dirishani nikiogelea kwenye handaki.

Nilimwambia sirudi shule. Nilisema nitabaki, nitashuka mteremko kila siku, maji yetu yatatoka bondeni kama zamani, na kesho asubuhi nitakwenda kwa yule mtu kumwambia shamba ni letu. Nilisema maneno mengi. Bibi aliningoja niyamalize.

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilikuwa nataka kitu, nimeinama, nimekishika. Ukibaki hapa nitakuwa nimeinama bure." Kisha, kwa ukali ambao ulinirudisha utotoni: "Na magoti haya yananiuma, unayaona. Usinifanye nihesabu maumivu yake."

Alinyoosha mkono nimwinue. Alikuwa mwepesi mno. Nilimpa bega langu, tukaanza kutembea, na baada ya muda nikamweleza, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kumpa, habari za yule bwana wa kale na nyumba yake ya mawe, na maji yaliyoizunguka ambayo hakuna aliyeyachota. Bibi alisimama katikati ya njia.

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja, Bibi."

Alicheka mpaka akanishika kwa mikono miwili asianguke. Alicheka tena tulipofika nyumbani, na tena wakati wa kula. Mpaka likizo inakwisha, nikimkuta amekaa peke yake anatabasamu, nilijua yuko wapi: amekaa ukingoni mwa handaki lile, ametumbukiza magoti.

Nilirudi shule. Mvua ya kwanza ilinikuta juu ya lori, na dereva aliposimama kufunika mizigo mimi nilikinga viganja vyangu vikajaa, nikavitazama, nikashindwa kunywa.

Darasani dirisha la tatu lilikuwa limechukuliwa na mwingine. Nilimwachia. Nilikaa mbele, pasipo na vilima, nikafungua daftari penye maneno ya wino mwekundu, na kwenye ukurasa uliofuata nikaandika lile swali upya. Kwa nini mtu huru alitoa shamba lake kwa hiari, akawa mtu wa mtu? Safari hii sikujaza kurasa mbili. Niliandika habari za njia zisizo salama na za mfalme mwenye mkono mfupi, kama tulivyofundishwa, kisha nikaandika mstari wa mwisho: Kwa sababu alikuwa na mjukuu, na mjukuu alitaka kwenda.

Mwalimu hakuwa ameagiza kazi ile. Aliisoma akiwa amesimama karibu na meza yangu, akaisoma tena, na kalamu yake nyekundu ikasimama juu ya ule mstari bila kugusa.

"Huyu mjukuu ametoka wapi?" aliuliza kwa ile sauti yake ya chini. "Kitabuni hayumo."

Nilisimama, kama tulivyozoeshwa kusimama tukiulizwa.

"Newala, mwalimu," nilisema.